Shikamoo, Dada Rukaiya

Newala,
18 Februari 2024

Mkwe wangu Albano,

Tumsifu Yesu Kristo. Mie mzima, kasoro magoti, na magoti si habari mpya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe unateleza. Nikikuuliza habari za shule ya Monica, unaniambia mtandao unakatika. Nikikuuliza habari za mpingo na vinyago vyako, mtandao unarudi, tena unasikika mpaka kwa jirani. Basi nimekaa chini na kalamu. Karatasi haina mtandao. Nawe nijibu kwa karatasi, uweke tarehe, uweke sahihi, umpe Faraji kondakta. Basi lake linalala hapa kwetu.

Nataka kujua Monica yuko darasa la ngapi, anakaa na nani, na kama ameanza kusoma. Mtoto ana miaka kumi. Tangu binti yangu Fortunata afariki, huyo mwanao Marselino amemburuta mtoto kwenye mashamba ya ufuta, leo Nachingwea, kesho Liwale, shule anaipita tu njiani. Ulisema huko Dar shule ziko kila kona, nikakubali umchukue. Lakini tusisahau kwamba kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama. Sijakupa. Nimekuazima.

Shule zikikaribia kufungwa mwisho wa mwaka nitakuja mwenyewe. Akiwa anasoma, atabaki. Akiwa hasomi, narudi naye tukasuke ukili. Afadhali asijue kusoma akiwa karibu yangu kuliko asijue kusoma akiwa mbali.

Mkwe wako,
Yustina


Pugu,
3 Machi 2024

Mkwe wangu mheshimiwa Yustina,

Shikamoo. Najua tunalingana umri, lakini mtu aliyekuazima kitu unamwamkia mapema.

Barua imefika. Faraji aliniletea akiwa ameishika kwa vidole viwili kama inaunguza, nadhani aliisoma. Siku nyingine tia kwenye bahasha.

Monica mzima, anakula, na ameshaanza kunijibu. Shule yake iko hapo juu kilimani. Ni shule shikizi, yaani tawi dogo la ile shule kubwa ya ng'ambo ya reli, wamelijenga ili watoto wadogo wasivuke reli wala barabara. Ina chumba kimoja na mwalimu mmoja, Mwalimu Kokuberwa, mama wa Kihaya. Akipanda kile kilima utafikiri alikijenga yeye.

Umeuliza darasa. Chumba anachosomea Monica ni chumba cha darasa la tatu. Nimeona kwa macho yangu mawili, imeandikwa ubaoni: DARASA LA TATU, na chini yake hesabu za kuzidisha ambazo mie mwenyewe nilipita haraka.

Kuhusu kusoma: jana jioni amenisomea kitabu kizima cha sungura na ndoo, kurasa zote, hakukwama hata mahali pamoja. Mama Gladness wa nyumba ya pili alikuja kuomba chumvi, akaondoka bila chumvi.

Mie sikusomeshwa, unajua. Nilijifunzia magazeti tuliyokuwa tukifungia vinyago, ndiyo maana hadi leo nazijua habari nyingi nusunusu. Lakini mtu anayesoma nikimwona namjua.

Mengine mtandao ukitulia.

Albano


Pugu,
4 Machi 2024

Kwa Mwalimu Kokuberwa,

Salaam. Mimi ni Albano mchonga vinyago, babu yake Monica. Natuma barua kwa mkono wa mtoto, kwa kuwa nikija mwenyewe nitaongea kwa sauti, na watoto watajifunza maneno ambayo serikali haijayapitisha.

Mwalimu, nakuheshimu. Najua una chumba kimoja, na humo ndani mna la kwanza, la pili na la tatu, kama mtu aliyepika wali, maharage na chai kwenye sufuria moja. Hilo nimelivumilia. Hata kuna mtu wa mbali nimemwandikia kwamba hicho ni chumba cha darasa la tatu, na hapo sijasema uongo. Lakini Monica ana miaka kumi, kichwa kinafika dirishani, na wewe umemkalisha benchi la mbele na watoto wa miaka sita. Nilipita nje nikamwona. Magoti yamefika kidevuni.

Na jana ndiyo nimechoka kabisa. Tunatoka dukani, tukakutana na kitoto cha kike kimejitanda mtandio, kimebeba chupa ya mafuta ya kula. Mjukuu wangu akasimama, akakunja goti, akasema, "Shikamoo, dada Rukaiya." Na kile kitoto, Mwalimu, kikaitika! "Marahaba, Monica. Ule ukurasa umeusoma?" Kimesema kama mama mwenye nyumba anayeuliza nani hajafagia uwanja.

Nikakiambia: Hebu toka hapa, huna adabu, shikamoo unapokea una meno mangapi wewe? Kikaenda zake kinalia, na mafuta yake.

Sitaki mjukuu wangu amwamkie mtu ambaye angeweza kumbeba mgongoni. Naomba uniambie ni nani amewafundisha ujinga huo.

Albano


Shuleni,
6 Machi 2024

Mzee Albano,

Shikamoo.

Ujinga huo nimewafundisha mimi.

Nina watoto wa miaka sita mpaka kumi kwenye chumba kimoja. Nikigawa heshima kwa umri, wale wakubwa wasiojua kusoma wataona aibu, na mtoto mkubwa akiona aibu harudi kesho. Nimeshawapoteza wengine hivyo, sitaki tena. Kwa hiyo tuna kanuni yetu. Mtu akikaa nawe akakufundisha, unamwamkia, hata kama meno ya mbele bado hayajaota. Siku ukikijua alichokufundisha, mnaacha, mnasalimiana mambo, poa. La tatu wanawafundisha la pili, la pili wanawafundisha la kwanza, nami nawafundisha wote. Monica yuko la kwanza, mzee. Wewe unajua, mimi najua, na huyo mtu wako wa mbali atajua.

Rukaiya ana miaka saba, yuko la pili. Nilimpa Monica kwa sababu Rukaiya hana huruma. Wenye huruma wanawasomea wenzao.

Na hapo ndipo penye ishu. Kile kitabu cha sungura na ndoo, Monica anacho kichwani chote. Rukaiya ndiye aliyegundua. Alikigeuza kitabu juu chini, na Monica akaendelea kusoma vizuri tu mpaka mwisho, na sauti ya sungura akaitoa. Kuna mtu nyumbani anamsomea kila jioni. Simtaji.

Tangu umfokee, Rukaiya amehama benchi. Anasema yeye hafundishi mtu mwenye babu. Monica anakaa peke yake, kitabu amekifunga, hakitaki hata cha sungura. Kumlazimisha Rukaiya siwezi, maana kwangu kufundisha ni hiari. Umevunja wewe, utaunga wewe. Rukaiya anasoma, lakini tumia sentensi fupi, na uandike herufi kubwakubwa.

Mwalimu Kokuberwa


Pugu,
7 Machi 2024

Rukaiya,

Mimi ni babu wa Monica.
Yule mwenye kofia.
Juzi nilikufokea njiani.
Nilikosea.
Wewe una adabu.
Mimi sikujua kanuni ya darasa lenu.
Tafadhali rudi kwenye benchi la Monica.
Nitakuchongea kinyago cha kima.

Babu Albano


8 Machi 2024

Babu Albano asalam aleikum.

Barua nimesoma mwenyewe mama hakunisaidia. Neno kinyago lilikuwa gumu.

Nimekusamehe lakini sio yote. Kima sitaki anatisha.

Ukimsomea Monica tena nahama. Akikwama wewe nyamaza. Akikuangalia angalia juu. Akilia nyamaza tu. Siku ile alilia mimi nikala ubuyu mpaka akamaliza kulia akasoma. Ukiweza hivyo nitakusamehe yote.

Dada Rukaiya


Newala,
9 Juni 2024

Mkwe wangu mpendwa Albano,

Tumsifu Yesu Kristo. Safari hii nimetia kwenye bahasha, na Faraji amenuna.

Barua yako ya mwezi wa tatu nimeizungusha jumuiya nzima, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Darasa la tatu! Kitabu kizima! Marehemu mama yake hakufika la nne, na hapo alikuwa na akili ya kutosha watu wawili. Kuna jirani yangu, simtaji kwa sababu unamjua, alikuwa akisema Albano amemchukua mtoto wa watu akamwoshee vyombo. Sasa akiniona anaulizia magoti yangu.

Katekista Leonardi naye amesikia. Amesema Krismasi Monica aje asome somo la kwanza kanisani, mbele ya watu wote. Nimekubali palepale, hata hakumaliza kusema. Kitambaa cha gauni ninacho, cha bluu. Nipime mtoto mabega uniandikie.

Nimekuwa mtu wa kutembea kifua mbele, mkwe, na umri huu.

Yustina


Pugu,
23 Juni 2024

Mkwe wangu mheshimiwa Yustina,

Mabega nimempima kwa kamba, kamba nimeifunga humu ndani. Acha nafasi kidogo, anakua.

Kuhusu somo la Krismasi, mwambie Leonardi asiharakishe. Masomo ya kanisani yana majina ya watu wa zamani, na watu wa zamani walipewa majina bila kumfikiria msomaji.

Nakuarifu pia kwamba Monica sasa anasoma vibaya kuliko mwezi wa tatu. Ni maendeleo. Nitakueleza siku moja.

Kile kitabu cha sungura tumekiweka pembeni. Jioni akishika kitabu kingine mie natoka nje kuchonga, maana nimepewa masharti na mtu mmoja ambaye siwezi kugombana naye. Nimeambiwa ninyamaze. Hujui, mkwe, ilivyo kazi kumsikia mtoto wako akihangaika na neno unalolijua, nalo limekukaa mdomoni kama punje ya hindi la moto. Miezi hii nimechonga ovyo. Simba mmoja ametoka na uso wa mbuzi. Mzungu akamchukua, akasema huyu ana fikra.

Lakini sikiliza. Juzi tulikuwa tunapita kwa fundi simu, pale kona ya mnadani. Monica akasimama mbele ya kibao. Nikataka kumvuta, nikakumbuka masharti, nikaangalia juu. Nimeangalia juu mpaka fundi akatoka kuangalia na yeye kuna nini. Ndipo nikasikia: "Tu-na-cha-ji." Akameza mate. "Simu. Babu, tunachaji simu!" Kibao kile, mkwe, hakuna mtu aliyewahi kumsomea. Fundi akasema, "Ndiyo, leta." Nikampa simu akaichaji, na ilikuwa imejaa.

Albano


Newala,
15 Septemba 2024

Mkwe,

Barua yako nimeisoma, nimeiweka, nimeisoma tena. Mtoto wa darasa la tatu aliyemaliza kitabu kizima, sasa anasimama njiani kutafuta silabi kwenye kibao cha fundi simu, na wewe unashangilia. Kuna kitu umekikalia.

Sikuulizi, kwa sababu utateleza. Nakuja. Siku sikuambii.

Yustina


Pugu,
24 Novemba 2024

Mkwe wangu Yustina,

Umeondoka juzi hukunywa chai, hukuaga, hukuniambia hata kwamba mimi ni mwongo. Sasa nakaa hapa sijui kama nimfungie mtoto mzigo au nimfulie sare. Naandika kile nilichokiona, labda ukikiona kwa macho ya mtu mwingine utanipunguzia hasira.

Ulishuka kwenye basi ukamuuliza Mama Gladness njia ya shule. Hukuuliza njia ya kwangu. Yeye ndiye aliyenijia mbio: "Mzee Albano, kuna mama anapanda kilima na magoti hayamzuii!" Nikaacha patasi nikakimbia. Nilipofika ulikuwa umesimama mlangoni, unatazama ubao umegawanywa mara tatu kwa chaki, la kwanza, la pili, la tatu. Ukamtafuta Monica upande wa la tatu. Halafu nikaona shingo yako inageuka polepole, mpaka kwenye benchi la mbele.

Nilimkonyeza Monica achukue cha sungura. Sikatai. Hakuniangalia.

Mwalimu akakukaribisha. Ukasema, "Sikai. Asome. Kitabu nimekuja nacho." Ukafungua mkoba ukatoa karatasi, nami nikaijua hapohapo. Ule wasifu wa marehemu Fortunata, ule uliosomwa siku ya mazishi. Nikasema moyoni, huyu mama hana huruma kuliko Rukaiya.

Mtoto akasimama. Akaweka kidole. "Ma-re-he-mu." Nikatazama dari. "Marehemu Fo-rtu-na-ta ali-zaliwa." Akaenda hivyo, mstari na mstari. Akafika mahali akakwama. Akamgeukia Rukaiya, "Dada, hili?" Kumwuliza mtoto wa miaka saba mbele ya bibi yake aliyetoka Newala, na wala hakuona aibu, aliuliza kama mtu anayeomba kisu cha kukatia kitunguu. Na Rukaiya akatazama dari. Tukawa wawili tunatazama dari. Baadaye nikaona na Mwalimu.

Ndipo akalipata. "A-me-a-cha. Ameacha m-to-to m-mo-ja." Akapumua. "Mo-ni-ca." Akainua uso akakutazama, akasema, "Bibi, ni mimi."

Ukaikunja karatasi. Ukamshika Mwalimu mkono. Ukateremka kilima.

Mkwe, ni kweli yuko la kwanza. Nilikuandikia chumba, hukuniuliza benchi. Lakini nakuomba, kama una hasira nichukue mimi nikasuke ukili, mtoto umwache. Sijawahi kuchonga kitu kikatoka vile alivyotoka yule mtoto, na hata hivyo si mimi niliyechonga.

Albano


Newala,
8 Desemba 2024

Mkwe wangu Albano,

Tumsifu Yesu Kristo.

Wewe ni mwongo. Tumeshamaliza hilo.

Leo kanisani, baada ya matangazo, nikamwomba Leonardi nafasi. Nikasimama. Nikawaambia watu: niliwatangazia kwamba mjukuu wangu yuko la tatu. Hayuko la tatu. Ana miaka kumi, yuko la kwanza, benchi la mbele, mwalimu wake ana miaka saba, tena anamwamkia. Na anasoma. Nimemsikia kwa masikio yangu akisoma kitu ambacho hajawahi kukiona, na hakuwa tayari, na hakukimbia.

Yule jirani ninayemjua na wewe unamjua akacheka upande wa akina mama. Nikamwambia, wa kwako yuko la sita, mlete hapa mbele nimpe karatasi ambayo hajawahi kuiona. Kikohozi kikamshika.

Leonardi akaniuliza nje, taratibu, sasa lile somo la Krismasi tumpe mwingine? Nikamwambia atasoma Monica. Atasoma mstari mmoja, na mtamsubiri, hata kama ubani utazimika. Nikimwona mtu anamnong'onezea neno, nitamtoa nje mwenyewe, awe katekista awe nani.

Gauni limekwisha, mabega nimeacha nafasi. Mpe Faraji amlete shule zikifungwa. Umwambie Faraji akipakia mzigo wa abiria kwenye kiti cha mtoto wangu, nitamweleza baba yake.

Januari namrudisha. Usiniulize mara mbili. Nilikuja hapo kumchukua, mkwe, kanga ya kumfungia nguo zake nilikuwa nayo kwenye mkoba. Na sikunywa chai kwa sababu ningelia mbele yako, na wewe ungeandika.

Mwalimu Kokuberwa umsalimie. Rukaiya nilimwona, amesimama kama mkaguzi wa serikali. Naye umsalimie, kwa heshima.

Yustina


Pugu,
19 Januari 2025

Bibi Yustina,

Shikamoo.

Nimefika salama. Babu nimemwambia kwamba kanisani mlinisubiri mpaka nikamaliza mstari. Naandika mwenyewe. Babu yuko nje anachonga, anauliza nimefika wapi, simjibu.

Mwalimu amenipeleka la pili. Jina langu nililiona ubaoni kabla hajalisoma. Rukaiya yuko la tatu, anapata shida na kuzidisha, lakini usimwambie mtu.

Jumatatu walikuja wapya wa la kwanza. Kuna mmoja anaitwa Praygod, ana miaka sita. Hajui hata a. Kalamu anaishika kama kijiko, na mama yake akiondoka analia mpaka kamasi zinaingia mdomoni. Mwalimu akauliza, huyu nani anamtaka? Wengine wakaangalia chini.

Mimi nilinyoosha mkono hata hajamaliza kuuliza.

Ni wangu.

Monica